Nyimbo mpya za Kikatoliki mnazipata wapi? Na za kwaya yetu tunazitoaje?

besi_wa_pili
Tumsifu Yesu Kristo wadau. Niko kwaya ya vijana kwenye parokia moja huku Mbeya, nina maswali mawili. La kwanza, nyimbo mpya mnazipata wapi? Nikiandika "nyimbo za kikatoliki" YouTube naletewa zilezile tulizozikuta, miksi ya masaa mawili ya nyimbo za komunyo, mtunzi hata hajatajwa, halafu nikiacha iendelee kucheza kidogo tu nishahamishiwa kwa walokole. Sina ugomvi nao ila sio nilichofuata. La pili, mwalimu wetu ana nyimbo kadhaa katunga mwenyewe, waamini wanazipenda kwelikweli, lakini zikitoka mlango wa kanisa ndo basi. Tunazisambazaje, na hela ya kwaya mnaijua, hata sare hatujamaliza kuchangia.

mzee_wa_kinanda
Milele amina. Kijana, acha kutafuta kwa jina la dini, tafuta kwa jina la mtunzi. Kwetu wimbo unatembea na mtunzi, kwaya ni wapitaji tu, wimbo mmoja wa Bernard Mukasa utaukuta unaimbwa Bukoba, Dar mpaka Mombasa na kila mtu kauvalisha kinanda chake. Anza na huyo, Joseph Makoye, marehemu John Mgandu, Alfred Ossonga wa Kenya, halafu angalia kwaya zinazowaimba zinaimba nini kingine, humohumo utakutana na watunzi ambao hujawahi kuwasikia. Na uingie tovuti ya Swahili Music Notes, nota za PDF bure kabisa, watunzi wanaweka wenyewe na wengine ni wachanga bado hawana hata rekodi. Sema uwe na mtu anayesoma nota, la sivyo utabaki unaangalia mistari tu.

alto_wa_Nairobi
Hapo kwa rekodi mzee amesema ukweli, kuna nyimbo tamu sana zimelala kwa PDF hakuna aliyeziimba. Sisi huku tunazichukua, tunamtafuta mtunzi tunamuomba ruhusa, tunarekodi. Watunzi wengi hufurahi, lakini uliza kwanza!! Sio mtunzi aone jina lake limetolewa na la kwaya yenu limewekwa.

Kuhusu kusambaza, redio bado iko na nguvu kuliko mnavyodhani. Huku tuko na Radio Waumini, nyinyi mko na Radio Maria na Radio Tumaini, mama anayepika ugali akisikiza redio hatawahi kufungua chaneli yenu. Pelekeni audio safi yenye jina la wimbo, mtunzi, kwaya na parokia. Wengi hupeleka faili imeandikwa "final final 2" na mtangazaji anashindwa hata kusema ni nani anaimba.

mliturujia
Kabla ya yote mjiulize huo wimbo ni wa Misa au ni wa kusikiliza nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati ya Liturujia ya 1963 ulisema maneno yachotwe hasa kwenye Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Siku hizi naletewa wimbo wa matoleo, beti tatu zote "mimi, mimi, mimi", biti ya kucheza harusini, halafu wanashangaa paroko anaukataa.

besti_wa_Kizito
@mliturujia na ndo mnavyowapoteza hao. Huohuo mtaguso, hati hiyohiyo, ulisema muziki wa asili wa watu upewe heshima yake, sasa ngoma zimekuwaje tatizo. Na kijana Mkatoliki anayeimba peke yake na gitaa aende wapi? Kwenye Misa hatakiwi, kwenye matamasha ya gospo wanamuuliza kwanini anamwimba Bikira Maria. Huyo ndo anahitaji kusukumwa kuliko kwaya, mwiteni hata kwenye kongamano la VIWAWA (vijana Wakatoliki wafanyakazi) aimbe nyimbo mbili.

mliturujia
Kwenye kongamano sina neno, aimbe hata kumi. Mimi nasemea Misa.

mzee_wa_kinanda
Turudi kwa kijana wa Mbeya. Kwenye kichwa cha video andikeni wimbo unatumika wapi, mwanzo, zaburi, shangilio, matoleo, komunyo, maana mwalimu wa kwaya Alhamisi jioni anatafuta "shangilio la Majilio", hatafuti jina lenu. Chini wekeni maneno yote. Na muwahi, wimbo wa Kwaresima ukiutoa Jumatano ya Majivu umechelewa, kwaya zilishamaliza mazoezi kitambo. Hela ya matangazo ya YouTube msiihesabu sasa hivi, mpaka mfikishe wafuatiliaji 1000 na saa 4000 za kutazamwa ndani ya mwaka, ila kazi zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema kabla mtu hajaanza kuzidai ni zake.

besi_wa_pili
Asanteni sana wakubwa. Shida moja, nota hatuna, mwalimu kaandika solfa (do, re, mi) kwenye daftari la kaunta. Kuna programu ya bure ya kuchapia?

alto_wa_Nairobi
MuseScore, ya kompyuta, ni free. Mwanzo inasumbua kidogo hasa kupanga maneno chini ya nota. Anza na wimbo mmoja, ule watu wanaimba wakitoka kanisani, upandishe, zile zingine zitafuata.