Malengo ya namba kwa wafanyakazi: yanajenga taasisi au yanaibomoa?

Mzee wa Mizani: Wakuu, kila taasisi siku hizi inaendeshwa kwa malengo ya namba, na bonasi inafuata namba. Mimi nasema yanabomoa. Tazameni Wells Fargo, benki ya Marekani. Wakubwa walitaka kila mteja awe na bidhaa nane za benki, wafanyakazi wakaishia kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 ikapigwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa.

Kaza Uzi: Huo ni wizi, usilisingizie lengo. Peter Drucker, yule mwandishi maarufu wa mambo ya uongozi wa kazi, alishasema, usichokipima huwezi kukisimamia. Nimesimamia watu miaka mingi: wanaolalamikia vipimo ni wavivu wanaotafuta pa kujificha.

Binti Hesabu: Kaka, Drucker anabandikwa maneno hayo. Alichofundisha tangu kitabu chake cha 1954 ni malengo yanayomwezesha mtu kujisimamia mwenyewe. Naye Deming, mtaalamu wa ubora wa kazi viwandani, aliandika wazi kwamba kudhani kisichopimika hakisimamiki ni kosa la gharama kubwa.

Kaza Uzi: Dada, sikuja kufanya mtihani wa nani kasema nini.

Mlinda Zamu: Mimi neno "wavivu" limenichoma. Napokea simu za wateja, tunapimwa kwa dakika. Mzee anapiga, pesa zake hazionekani, anatetemeka. Nikimsikiliza hadi tatizo liishe, jina langu linawekwa rangi nyekundu kwenye ripoti. Nikimkatisha akapiga tena mara tatu, ripoti inasema tumehudumia simu nyingi. Mvivu hapo ni nani?

Kaza Uzi: Pole, lakini huo ni mfano mmoja. Bila kipimo, anayewabeba wenzake hajulikani na anayebebwa hajulikani. Mbona hilo hamlijibu? Jack Welch, aliyekuwa bosi wa kampuni ya Marekani ya General Electric, alitaka asilimia 10 ya wafanyakazi walioshika mkia waondolewe kila mwaka, na kampuni ikapaa.

Mpita Njia: Microsoft nao waliwapanga watu kwa madaraja hivyo hivyo, wakaacha 2013. Ukijua lazima mmoja wenu awe wa mwisho, utamfundisha mwenzako kazi?

Fundi Mtulivu: Narudi kwenye uvivu. General Motors, watengeneza magari wa Marekani, walifunga kiwanda cha Fremont, California, mwaka 1982. Utoro ulikithiri, magari yalikuwa mabovu, lawama zote kwa wafanyakazi. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, jina NUMMI, na wengi walioajiriwa ni wale wale, chama chao cha wafanyakazi kile kile. Utoro ukashuka sana, ubora ukapanda. Uvivu wao ulikwenda wapi?

Mwana Takwimu: Sawa, lakini msisahau kwamba Toyota wanapima kila kitu, hadi sekunde. Tofauti ni kwamba mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na msimamizi anakuja kusaidia. Kipimo kinaikagua kazi, hakimwindi mtu. Kwa hiyo swali ni namba inatumiwa na nani, kwa nia gani.

Kaza Uzi: Fundi, unanijua? Umewahi kuona ninavyosimamia? Mimi siwalaumu watu ovyo.

Fundi Mtulivu: Umewaita wavivu hapo juu, mkuu. Hakuna aliyekulazimisha.

Mlinda Zamu: Kaza Uzi, mimi nakuuliza jambo moja tu. Mara ya mwisho kukaa kwenye kiti cha watu wako, ukafanya kazi yao zamu nzima, ilikuwa lini?

Binti Hesabu: Hapo umegusa penyewe. Meneja asiyeijua kazi ndiye anayeng'ang'ania namba, kwa sababu hana kingine cha kuangalia. Kila meneja angelazimishwa kushika zamu.

Kaza Uzi: Kwa hiyo mkurugenzi wa hospitali naye apasue wagonjwa? Semeni mambo yanayotekelezeka.

Mzee wa Mizani: Jamani, niliuliza kuhusu malengo.

Mlinda Zamu: Mzee wangu, haya ndiyo malengo yenyewe, yamewekwa na watu ambao hawajawahi kukaa hapa. Kaza Uzi, sikusema upasue mtu. Vaa vipokea sauti, sikiliza zamu moja bila kutazama saa, kisha urudi unijibu kama mimi ni mvivu.