Mrejesho: ile bunduki kuukuu niliyoinunua mnadani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu bunduki niliyoinunua mnadani hapa Ohio: ni gobore, ni Martini (bunduki ya zamani ya Kiingereza) au nini, na je, niipige msasa kutu iishe?

Si gobore. Nilipofuta uchafu ubavu wa kushoto yakajitokeza maandishi ya herufi za Kijerumani za mtindo wa zamani: "I.G. Mod. 71". Kumbe ni Mauser, bunduki ya Kijerumani ya mfano wa 1871, milimita 11, ya risasi moja moja. Haina hata kifaa cha kurusha nje ganda la risasi. Unavuta bolti (komeo lake), unaiinamisha bunduki, ganda linadondoka. Askari wengi wa Mjerumani walipigana kwa bunduki za aina hii Tanga mwaka 1914, na moshi wa baruti yake ulikuwa unawaanika kwa adui.

Msasa nimeuacha, asanteni (mmoja alinifokea kabisa). Nililoweka kutu kwa mafuta siku 3, nikasugua taratibu kwa stiliwaya laini. Chapa zote zimebaki. Kitako nimekipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, kidogo kidogo, mbao ikarudisha rangi ya kahawa.

Ila skrubu moja niliifungua kwa bisibisi isiyolingana, kichwa kikachubuka. Inaniuma hadi leo. Kuifyatua sina mpango.