Amietia na chura wa mitaroni: mnawatofautisha vipi?

kisauni_mazingira:
Salaam jamaa. Klabu yetu inapanda Taita, pande za Wundanyi, kumtafuta Amietia, yule chura wa mtoni. Nikitazama picha zake namwona ni huyu huyu arukaye kwenye mitaro ya Kisauni masika yakianza: pua iliyochongoka, miguu mirefu, mstari mweupe mgongoni. Usiku tumjue kwa lipi? Na tubebe nini?

chura_pwani:
Wa mitaroni kwenu ni Ptychadena. Mmulike tochi kutoka ubavuni, sio juu kwa juu, vivuli vianguke. Utaona matuta membamba ya ngozi yakishuka sambamba toka nyuma ya macho hadi kiunoni, kama bati la paa. Amietia hana matuta mazima hivyo. Ana vijituta vifupi vilivyokatika-katika, au mgongo laini tu. Mstari mweupe usiutegemee hata kidogo, wote wawili huwa nao na wote wawili huukosa. Dume la Ptychadena lina mpasuko kila upande wa taya, ndipo vifuko vya sauti hutokea likilia.

Maji nayo yanasema. Ptychadena hutaga kwenye madimbwi ya mvua. Amietia anataka maji yasiyokauka, maana viluwiluwi wake ni wakubwa na hukaa sana majini kabla ya kuota miguu. Ukimkaribia huruka mtoni na kujificha kwenye tope la chini, basi mtu mmoja asimame upande wa maji kabla hamjamzunguka.

mto_na_mlima:
Nyongeza kuhusu jina. Vitabu vya zamani vya Kenya vinamwita angolensis. Mapitio ya uainishaji ya 2016 yaliliacha jina hilo kwa chura wa Angola. Wetu anayeenea zaidi ni Amietia nutti, aliyeelezwa na mwanazuolojia Boulenger mwaka 1896. Yupo pia A. wittei, aliyeelezwa 1924 kutoka Molo, ila huyo ni wa nyanda za juu zenye baridi. Kwa hivyo picha isiyo na mahali wala mwinuko ni pambo tu. Piga mgongo, nyuma ya paja, na mguu wa nyuma ukiwa umetandazwa utando uonekane, rula kando. Mlio urekodi kwa simu: mfululizo wa kugongagonga, kisha mkoromo mfupi.

chura_pwani:
Na gambuti zisafisheni kabla ya kuondoka Mombasa. Kuvu ya Batrachochytrium, inayoshambulia ngozi ya chura, husafiri na tope bichi. Sugua tope lote kwa brashi kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani tope humaliza nguvu ya klorini. Kisha jiki (dawa ya klorini) ya 3.5%, kikombe kimoja kwa viwili vya maji, iloweshe dakika moja au zaidi, suuza mbali na mto, anika hadi zikauke kabisa. Rudieni kila mnapohama kijito.

kisauni_mazingira:
Shukran sana. Dawa ya mbu ya kupaka je?

mto_na_mlima:
Mikononi usipake, chura hunywa kwa ngozi. Mikono iwe mibichi kwa maji ya kijito hicho hicho, glavu mpya kwa kila chura, na mfuko mmoja chura mmoja. Mrudishe pale pale ulipomtoa. Kuchukua vielelezo, yaani kuondoka na chura wa kuhifadhi, ni jambo la vibali, msiguse hilo.