Muvi za ndege za kivita za bajeti ndogo, shida ni hela au hawajali tu?

Mjomba_Makorora

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Jana nilimchukua mpwa wangu, ana miaka 8, tukaenda banda la video huku kwetu Makorora, Tanga, kiingilio mia tano, mtoto mia mbili. Huyu dogo anapenda ndege kupita kiasi, mara nyingi jioni huwa nampeleka karibu na uwanja wa ndege tunasimama nje tunaangalia vile vindege vidogo vinatua, na daftari lake la hesabu kurasa zote za nyuma ni ndege tupu. Sasa mwenye banda alikuwa kaandika kwa chaki pale nje kwamba leo kuna picha la marubani wa kivita wa Marekani, limetafsiriwa, nikasema leo dogo anakwenda kufurahi.

Jina la muvi naliacha, ziko nyingi za namna hiyo na zote zinafanana.

Steringi anapanda ndege pale chini, nimeiona vizuri, F-16, mkia mmoja umesimama, injini moja nyuma na lile domo la kuvuta hewa lipo tumboni. Anapaa. Wakituonesha kule juu ndege ina mikia miwili na injini mbili. Wanarudi usoni kwa steringi anaongea na redio, wakitoka tena nje ndege imekuwa na mabawa yanayokunjwa kwenda nyuma. Mpwa wangu akanivuta shati akauliza kwa sauti, "Mjomba, kabadilisha ndege saa ngapi?" Watu wa benchi la mbele wakageuka. Mimi sikuwa na la kumjibu, na mtoto alikuwa anauliza kweli, alidhani kuna kipande kimempita.

Kutoka hapo nikaanza kuiangalia kwa jicho lingine na ndio nikaumia zaidi. Kuna mlipuko mmoja wameutumia mara tatu, naujua ni uleule maana kuna kipande cha bawa kinarukia kushoto kinajizungusha mara mbili ndio kinapotea, mara ya tatu dogo alikuwa ananionesha kwa kidole kabla hakijaruka. Anapaa mchana, anapigana jua linazama, anamaliza kupigana mchana umerudi. Kambi ya adui wanasema ipo jangwani lakini nyuma ya mahema naona misonobari kama ya Lushoto. Majenerali wote wamejaa kwenye chumba kimoja chenye ramani ukutani na simu moja, vita nzima inaendeshwa na ile simu.

Halafu kule ndani kwa rubani. Ndege inabinuka juu chini, mawingu yanazunguka, yeye kakaa kama yuko barazani anasubiri kahawa, mwanga upo palepale kwenye shavu la kushoto, barakoa ya oksijeni inaning'inia pembeni, na sauti yake haina hata pumzi moja ya kuhangaika. Anapiga risasi mfululizo mpaka nikaangalia saa ya simu, ikafika karibu dakika nzima.

Mwishoni akapanda ile ndege nyeusi yenye pembepembe, F-117, akaanza kupigana nayo angani na ndege nyingine kwa risasi, anazikimbiza na makombora yanamkimbiza yeye dakika nyingi tu, mpaka watu bandani wakaanza kupiga soga zao.

Naomba wanaojua mnisaidie. Kwanza, F-117 inaweza kweli kufanya vile? Pili, hawa watu wanashindwa kwa sababu hawana hela au wanatuona sisi watazamaji hatuna macho? Nataka nimjibu dogo kitu cha kueleweka.

FundiRada_Tga

Mjomba salama, naanza na swali la dogo maana ndio la msingi. Aliyebadilisha ndege ni mtu wa kuediti.

Iko hivi, ukitaka ndege za kweli za jeshi la Marekani kwenye muvi yako inabidi upeleke skripti Wizara ya Ulinzi yao waisome, wakiona hawajaipenda wanakwambia rekebisha au wanakataa kabisa, na wakikubali bado saa za kurusha zile ndege unazilipia wewe. Mwenye vijisenti hafiki huko. Ananunua vipande vilivyopigwa zamani, vya jeshi au vya muvi za watu wengine, anaviunga. Cha kupaa kapata cha F-16, cha kupigana kapata cha mikia miwili na injini mbili inaweza kuwa F/A-18 ile, na ya mabawa ya kukunjwa inaelekea ni F-14, ndege ambayo jeshi la maji la Marekani liliistaafisha tangu 2006. Jua nalo ndio maana linapanda na kushuka, kila kipande kilipigwa siku yake na nchi yake.

F-117 sasa, hapo wamekudanganya mchana kweupe. Ile ndege haina bunduki, haina rada, na haifiki hata kasi ya sauti. Ina kiti kimoja na kazi yake, mpaka ilipostaafishwa rasmi 2008, ilikuwa kwenda usiku kimyakimya na mabomu mawili tumboni, kudondosha na kurudi. Ikikutana na ndege ya kivita uso kwa uso haina cha kuifanya. Herufi F iliyopewa ndiyo inayochanganya watu, unadhani ni ya kupigana angani. Na kujificha kwake kuna mwisho, tarehe 27 Machi 1999 Waserbia waliidungua moja kwa kombora la zamani la Kirusi, rubani akaruka na parachuti, wakaja wenzake kumuokoa usiku uleule. Unaona? Hicho kisa kimoja tu kina hofu kuliko muvi nzima uliyoiona.

Risasi: F-16 ina mzinga wa milimita 20 unaotema risasi 6,000 kwa dakika, lakini ndani imebeba 511 tu. Piga hesabu, sekunde tano zimeisha. Rubani wa kweli anabonyeza nusu sekunde anaachia, anabonyeza tena anaachia, maana akimaliza amebaki na chuma kitupu. Makombora nayo, yale yanayofuata joto kama Sidewinder, moto wake unawaka sekunde chache halafu linakwenda kwa kasi iliyobakia, kila kona inalipunguza nguvu. Halina uwezo wa kumkimbiza mtu muvi nzima.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli wenyewe ungewapa utamu wa bure. Mtu mwenye sekunde tano za risasi, kila akigusa kitufe wewe uliyekaa bandani unahesabu naye. Hiyo haihitaji hela, inahitaji mtu asome kidogo kabla ya kuandika.

Kijana_wa_Chuda

Mimi natofautiana na nyie kidogo wakuu, kwa heshima zote. Muvi ni burudani, mtu katoka kushusha mizigo tangu asubuhi anataka kuona ndege zinalipuka basi, haendi kukagua mikia. Tukianza kuhesabu risasi hata zile za ngumi hatutaangalia, steringi anapigwa na watu kumi hafi. Na hao watengenezaji wa bajeti ndogo nao wanatafuta riziki, tusiwakate miguu.

Mjomba_Makorora

Kijana nimekuelewa na sina ugomvi na steringi kutokufa, hilo tunakubaliana tukishaingia mlangoni. Lakini mdogo wangu, kwenye zile za ngumi steringi haanzi ngumi akiwa na shati jekundu akamaliza na la kijani yeye akiwa mtu mwingine. Mimi nimempa mia tano yangu ya halali, namdai uongo unaoshikana. FundiRada shukrani sana, ya F-117 nimemsomea dogo amenyamaza kimya, halafu akauliza yule rubani aliyeokolewa yupo hai, nikamwambia ndio.

FundiRada_Tga

Nimwongezee Kijana kitu. Ile muvi kubwa ya 1986 ya marubani wa jeshi la maji la Marekani, Top Gun, ndege za adui wanaziita MiG-28, kama vile ni za Kirusi. Duniani hakuna MiG-28, zile ni F-5 za Marekani wenyewe zimepakwa rangi nyeusi. Uongo mtupu! Lakini ni zilezile mwanzo mpaka mwisho, nyeusi ndio adui, mtoto wa miaka 8 hapotei. Kwa hiyo kudanganya kunaruhusiwa ila udanganye kwa mpangilio.

DadaKamera_Ngamiani

Jamani nimesoma uzi wote imebidi niingie. Mimi ni mpiga video wa harusi hapa mjini mwaka wa tisa sasa, bajeti ndogo naijua maana ndio chakula changu, na naomba niwaambie ile ya mwanga kwenye shavu haina uhusiano wowote na hela.

Ndege ikigeuka jua linahama, si ndio? Likihama kivuli cha fremu ya kioo kinampitia rubani usoni, kinaanza kwenye paji kinashuka puani kinatokea kidevuni. Sasa huna ndege, sawa. Chukua kiti, kitambaa cheusi nyuma, mtu mmoja ashike taa mkononi azunguke nayo polepole juu ya kichwa cha muigizaji, mwingine ashike kijiti mbele ya taa, kivuli kinapita chenyewe. Mtu wa tatu anashika miguu ya kiti anaitikisa, kidogo tu, sio kama daladala kwenye mashimo. Kamera nayo unaibeba begani isitulie. Nimewahi kufanya hivyo kwa bwana harusi aliyetaka aonekane yuko kwenye gari inatembea usiku na gari lilikuwa limeegeshwa halina hata betri, na mama yake mpaka leo anajua mwanawe alikuwa barabarani.

Cha pili ni pumzi. FundiRada atanisahihisha, lakini nilisoma kwamba F-16 imetengenezwa kuhimili mpaka mara tisa ya uzito, maana yake mtu wa kilo 70 anajisikia kama kilo 630 zimemkalia. Mtu wa hivyo anaongea kwa kukata maneno, anakaza tumbo na miguu damu isimshuke akazimia. Muigizaji unamwambia tu abane tumbo, ashike pumzi, aseme neno moja moja kwa kuguna. Bure kabisa hiyo! Barakoa ya oksijeni ukimvalisha ndio unafaidi zaidi, mdomo umefunikwa kwa hiyo sauti unaiweka baadaye vile unavyotaka, hata muigizaji mbovu anakuwa mzuri. Wao wanaivua ili tuone sura ya steringi, na sura yenyewe haifanyi kitu.

Cha tatu ule mlipuko wa mara tatu. Ungeugeuza kushoto kulia, ukaukata mfupi, ukaubadilisha rangi kidogo, hakuna ambaye angejua. Ni dakika kumi kwenye kompyuta. Mtu aliyeshindwa kutoa dakika kumi mimi siwezi kumtetea kwa umaskini, maana nami ni maskini mwenzake na nakesha kwa video ya harusi ya watu watakaoitazama mara mbili.

FundiRada_Tga

Dada upo sahihi mara tisa. Na kwenye F-16 lile rungu la kuendeshea lipo upande wa mkono wa kulia, halipo katikati ya mapaja, na linasogea kidogo sana, unalikandamiza tu. Mjomba, steringi wako alishika wapi?

Mjomba_Makorora

Katikati, na anakoroga kama anasonga ugali.

MzeeWaRedio

Wanangu hamjambo. Mimi mambo ya kamera siyajui ila vita ya Kagera ilinikuta kijana, tulikuwa tunakaa na redio tunafuatilia. Nachotaka kusema ni kwamba kwenye hizo picha kila bomu linampata mwenyewe, na mimi hapo ndipo ninapokataa. Mwaka 1979 Gaddafi alimsaidia Idi Amin, ikatumwa ndege kubwa ya Libya aina ya Tu-22 kuja kupiga Mwanza. Mabomu yakakosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na wanyama wa kufugwa kwa maonesho, wakafa wanyama. Fikirieni ndege ile ilikotoka, ghali namna ile, ndani wana mafundi wa kulenga, na wamekosa mji mzima. Vita ndivyo ilivyo. Nikiona rubani wa sinema hakosi hata mara moja basi hofu inanitoka, nalala.

DadaKamera_Ngamiani

Shikamoo mzee wetu, ahsante kwa hiki kisa, sikuwa nakijua. Yaani nimeshaona namna ya kukipiga: wanaonekana watu wa Saanane tu, wanasikia muungurumo juu, swala wanasimamisha masikio. Ndege usiioneshe hata kidogo, sauti inatosha.

Kijana_wa_Chuda

Hiyo ya swala ningeiangalia hata mara mbili, dada.

Mjomba_Makorora

Shikamoo zote nimezipokea kwa niaba ya mzee. Dada, leo usiku tumejaribu ile yako. Kiti cha plastiki, kanga nyeusi ya mama yake ukutani, mimi na tochi ya simu, dada yangu na mwiko mbele ya tochi. Dogo kavaa sufuria ndogo kichwani na barakoa ya hospitali. Nilipozungusha tochi kivuli kikampita usoni, na hakuna aliyemwambia, shingo akailaza mwenyewe upande wa kona. Mkono kauweka kulia. Tumeirekodi sekunde 40, anataka kuirudia kesho kwa sababu anasema mwiko umeonekana. Nikuulize, taa ya bei nafuu ambayo haichomi mkono naweza kuipata barabara ya ngapi?