Mnaonyoa kwa wembe wa kukunja, shingoni ngozi mnavutaje?

Chalii wa Sakina: Wakuu habari, mzee kaniachia wembe wake wa kukunja, ule wa chuma kabisa sio wa kubandika viwembe, pamoja na mkanda wake wa kunolea. Mashavuni nateleza fresh ila nikifika kwenye taya na shingo ngozi inajikunja mbele ya wembe nachubuka, leo nimeenda job na vipande vya tishu kooni wananiuliza nimepigana na paka wa nani. Nikivuta ngozi vidole vinateleza na povu. Msaada.

Kinyozi Ngarenaro: Pole arif. Ngozi inavutwa kinyume na unakoenda, wembe ukishuka vidole vinapandisha, na usishike penye povu, shika pakavu. Shavu la kulia pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa uvutie karibu na sikio. Taya sasa ndo penyewe, watu wengi wanapita juu ya mfupa na wembe unaruka, we ipandishe ngozi ya tayani mpaka ikae shavuni palipo bapa ndo upitishe, wembe umelala kama digrii 30 hivi.

Mama Wawili: Mume wangu anagusa jiwe la shabu kwa vidole vilivyolowa, haviteleziiii. Akimaliza anapaka na usoni, panapowasha ndo alipokosea 😂

Chalii wa Sakina: Shabu ninayo mama, asante. Na kikoromeo?

Kinyozi Ngarenaro: Usikinyolee pale katikati. Vuta ngozi pembeni iondoke juu ya kikoromeo, nyoa, kisha upande wa pili.

Mzee wa Majengo, Moshi: Vijana msimkazie mwenzenu ngozi kama ngoma. Sisi wenye ndevu za kipilipili ukivuta sana unywele unakatwa, ukiachia ngozi unazama ndani, unakuja kuota umejikunja humo humo, ndo vile vipele vya shingoni. Vuta ilale tu. Na fuata ndevu zinakolala, halafu baridi hii ya Julai bila maji ya moto ni kujitafutia ubaya.

Kinyozi Ngarenaro: Shikamoo mzee, hapo umenisahihisha, wateja wengi wanataka kipara cha kidevu alafu wiki ijayo wanarudi na vipele wananilaumu mimi.

Chalii wa Sakina: Mrejesho: taya limekubali, kikoromeo nimekiachia kamstari ila hamna tishu leo. Chini ya pua sasa?

Mzee wa Majengo, Moshi: Shusha mdomo wa juu uufunge juu ya meno, pua ipandishe kwa kidole. Na usijibu simu.