Mjadala: Sarafu ya dhahabu ya Bizanti irudishwe ilikofuliwa au ilikochimbuliwa?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyoletwa mbele yetu inasema kwamba makumbusho ya Ulaya na Marekani yarudishe Uturuki sarafu za dhahabu za mwanzo za Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, kwa kuwa nyingi zilifuliwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Naunga mkono kwa moyo wote kudai mali iliyoporwa, na kwa sababu hiyohiyo nakipinga kigezo hiki.

Sarafu yenyewe ni solido, iliyoanzishwa na Kaizari Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4, vipande 72 kwa ratili moja ya Kirumi, kila kimoja kikiwa na gramu zipatazo 4.5. Uzito wake haukuchezewa kwa karne nyingi, na ndiyo maana ilipokelewa hata nje ya mipaka ya dola. Huko Szikáncs, Hungaria, solido 1,439 zilifukuliwa mwaka 1963, nazo ni za enzi ya Theodosio wa Pili, kaizari aliyemlipa Attila, mfalme wa Wahuni, dhahabu ili asishambulie. Huko al-Madhariba, Yemeni, solido zilikutwa katika hazina moja na sarafu za dhahabu za Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea za leo, na kwangu huo ni ushahidi wenye thamani kuliko dhahabu yenyewe, kwa sababu unaonyesha sarafu za milki mbili zikihifadhiwa pamoja upande wa pili wa Bahari ya Shamu. Je, hizo nazo zipelekwe Istanbul? Aliyelipwa alilipwa, na ardhi iliyozihifadhi ndiyo yenye haki nazo.

Isitoshe, herufi CONOB zilizo kwenye sarafu, ambazo wengi huzitegemea kama uthibitisho wa Konstantinopoli kwa sababu CON ni kifupi cha jina hilo, ziligongwa pia kwenye solido za Carthage (katika Tunisia ya leo) na Ravenna (Italia).

Uturuki wenyewe ulipata ushindi wake mkubwa kwa kigezo ninachokitetea. Hazina ya sarafu za fedha iliyochimbwa kwa siri karibu na Elmalı mwaka 1984 ilikuwa na sarafu adimu za Athens, na sehemu yake kubwa iliporudishwa kutoka Marekani mwaka 1999 ilikwenda Uturuki, ilikofukuliwa, wala haikupelekwa Ugiriki. Vivyo hivyo, sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zingepoteza karibu maana yote kama tungesahau kwamba ziliokotwa huko.

Ugumu ninaoukubali ni kwamba solido za kaizari mmoja hufanana mno, na mporaji akishaigawa hazina na kuiuza kipande kimoja kimoja, kuitazama sarafu hakutoshi kujua ilitoka shimo gani. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya makumbusho: yatangaze kila sarafu iliingiaje, kutoka kwa nani na mwaka gani, na ile iliyonunuliwa baada ya Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni bila hati za kutoka kihalali katika nchi yake ifunguliwe kwa madai ya nchi yoyote yenye ushahidi.

Wanaotetea kigezo cha mahali pa kufuliwa watueleze: solido iliyofuliwa Carthage na kufukuliwa Uturuki, wao wangeikabidhi Tunisia?