Mjadala: Anayekuumiza kwa utani akisema "ni damu", tumkubalie?

Mwana wa Mpwapwa (mtoa mada)
Wakuu, heshima kwenu. Tangu itangazwe mwaka 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, maofisi yamejaa watu wa kila kabila na utani umekuwa mwingi. Sina ugomvi na utani. Ila wiki iliyopita dada mmoja wa mkataba karudi kazini baada ya kuugua, kapungua kweli. Wakati wa chai, mbele ya wageni, jamaa yetu mwenye mdomo akamwambia, "Dada, weka mawe mfukoni. Upepo wa hapa ukivuma tutakuja kukuokota Manyoni." Watu wakaangua kicheko. Dada akaacha chai na chapati mezani, akatoka. Jamaa alipoambiwa amezidisha, akajibu, "Baba yangu hivi, babu yangu hivi. Ni damu." Yakaishia hapo.

Mimi sikubali. Kwanza, ucheshi unarithiwa kweli? Pili, hata kama unarithiwa, ndiyo leseni?

Mkulima wa Zabibu
Mwacheni jamaa wa watu. Kuna koo hapa Hombolo ukikaa nao dakika mbili mbavu zinauma, kuanzia babu mpaka mtoto wa chekechea. Na kuna koo nyingine ukiwatania wanakuuliza, "Kwa hiyo?" Hilo nani kawafundisha?

Mwalimu wa Baiolojia
Mkuu, ukoo mmoja huishi pamoja, kwa hiyo hapo huwezi kujua kipi ni damu na kipi ni malezi. Ndiyo maana wataalamu hutumia mapacha. Wa yai moja wana vinasaba vilevile. Wa mayai mawili wanafanana kwa wastani nusu, kama ndugu wengine. Mwaka 2000 Uingereza walichukua jozi 127 za mapacha wa kike, wakawapa vibonzo vitano wapime vinachekesha kiasi gani. Wa yai moja hawakuonyesha kufanana kuliko wenzao. Kilichobeba uzito ni kukulia nyumba moja.

Lakini hapo kilichopimwa ni nini kinakuchekesha. Namna unavyoutumia ucheshi ni habari nyingine. Rod Martin na wenzake Kanada walitoa dodoso mwaka 2003 lenye mitindo minne: ucheshi wa kuunganisha watu, wa kujipa moyo, wa kuwaumiza wengine, na wa kujidhalilisha mwenyewe ili uchekwe. Mwaka 2008 wakalipeleka kwa mapacha. Kwa wa Amerika Kaskazini, mitindo miwili ya mwanzo ilielemea kwenye vinasaba, na ile miwili mibaya ikaelemea kwenye malezi. Kwa wa Uingereza, dodoso lilelile, vinasaba vikaonekana katika yote minne! Sasa jamaa atuambie damu yake ni ya upande gani wa Atlantiki.

Tena kiwango cha urithi kinaeleza tofauti za watu ndani ya kundi lililopimwa. Hakikuambii mdomo wa fulani umetoka kwa babu yake kwa asilimia ngapi.

Nesi wa Zamu
Msiitupe damu yote. Haiba inarithiwa kwa sehemu, tafiti nyingi za mapacha huweka kati ya asilimia 40 na 50, na haiba ndiyo inayoegemeza mitindo hiyo aliyoitaja mwalimu. Wachangamfu huelekea ule wa kuunganisha watu. Wanaoumiza wenzao huwa na alama za chini kwenye upole. Na ile jeni ya kusafirisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, waliyoichunguza Claudia Haase na wenzake mwaka 2015, ilihusu nani anatabasamu na kucheka zaidi akionyeshwa vichekesho. Kumwaibisha mtu aliyetoka kuugua haimo.

Mama Mvumi
Wanangu, mimi sijui hizo jeni. Najua watani. Sisi Wagogo tuna Wahehe, tuna Wanyamwezi. Msibani mtani anakuja, anakalia njia ya kaburini mpaka atolewe kwa hela, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na fimbo yake, anadai na mbuzi. Wafiwa wenyewe wanacheka na machozi yako mashavuni. Yule yule mtani, mkwewe akitokea, anainama, anapita pembeni kimya. Damu imekwenda wapi hapo?

Babu anamwita mjukuu "mke wangu", mjukuu naye anamjibu hana meno. Lakini baba hathubutu. Kila mtu anajua nani wake.

Kijana wa Sabasaba
Shikamoo mama. Napinga kidogo. Kunyamaza mbele ya mkwe kunaonyesha mtu anaweza kujizuia, hakuonyeshi kwamba msukumo haupo. Kuna watu ulimi unawatangulia, na kujizuia kunawagharimu kuliko sisi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Halafu naona mnaelekea kupiga marufuku utani maofisini. Mkifanya hivyo tutabaki na "habari za asubuhi" tu mpaka kustaafu.

Mwana wa Mpwapwa
Hakuna aliyesema marufuku. Na kuhusu ulimi kumtangulia: mkurugenzi wetu ana kitambi na anasinzia vikaoni, na jamaa hajawahi kumtania hata siku moja. Huo ulimi unajua vyeo vizuri sana.

Mama Mvumi
Marahaba mwanangu. Hapo mtoa mada amegusa penyewe. Mtani ukimpiga neno, naye anakupiga, tena zaidi, na hakuna kununa. Huyo binti wa mkataba angemjibu nini, na kesho mkataba unahuishwa?

Nesi wa Zamu
Na jamaa ndiye anayemjazia tathmini? Mtoa mada, hebu tuambie.

Mwana wa Mpwapwa
Ndiye.

Mkulima wa Zabibu
Kumbe! Basi wekeni chai nyingine, wageni walewale, binti apewe ruhusa ya kumjibu bila kuguswa mkataba wake. Tuone hiyo damu ya babu inacheka vipi.